Nyimbo zimehama, daftari limebaki: kuhamisha maktaba ya iTunes kwenda kompyuta mpya

Mkuu, kabla ya yote, usiiguse ile kompyuta ya zamani. Usiiuze, usiifomati, usimpe mtu. Kwa jinsi ulivyoeleza, kila unachokililia bado kimo humo ndani.

Kwa watakaosoma baadaye, shida ya mkuu huyu aliyeuliza ni hii. Ana nyimbo kama 8,600, GB 70 hivi, alizokusanya miaka mingi kwenye iTunes (programu ya Apple ya kutunza na kucheza nyimbo) ya Windows. Amepata kompyuta nyingine, nayo ya Windows. Akakopi folda ya nyimbo kwa flashi ya GB 64, safari mbili, akaiambia iTunes ya huku mpya izisome. Nyimbo zinacheza. Ila orodha zake zote za nyimbo (playlist) hazipo, nyota alizozipa nyimbo hazipo, kila wimbo unaonyesha uliingizwa siku moja, na nyingine kama mia tatu hazionekani kabisa. Akarudi kukopi na faili la maktaba la iTunes (iTunes Library.itl), na sasa nyimbo kibao zina alama ya mshangao pembeni.

Yalishanikuta, tena yangu yalikuwa mabaya kuliko haya. Nilikuwa natumia programu nyingine, si iTunes. Nilikopi nyimbo, nikahesabu, zikatimia, na jioni ile ile nikaifomati kompyuta ya zamani huku najiona fundi. Kesho yake nikaitafuta orodha moja niliyoiita "Usiku wa mvua". Ilikuwa na nyimbo 41 nilizozipanga kwa mkono, moja baada ya nyingine, wa kwanza ukifia taratibu na wa pili ukiuchukulia pale pale. Haikuwepo. Nyimbo zote 41 ninazo mpaka leo. Mpangilio sina, na nimejaribu kuukumbuka mara tatu nikashindwa.

Ndiyo pale wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba ya muziki ni vitu viwili vinavyokaa nyumba moja: nyimbo, na daftari la nyimbo. Watu tunahamisha nyimbo kwa sababu ndizo zinazoonekana na ndizo nzito. Daftari ni faili dogo tu, limejificha, hakuna anayelikumbuka.

Sasa nini kimeandikwa wapi? Ndani ya faili lenyewe la wimbo mna tagi: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, namba ya wimbo, mara nyingi na picha ya jalada. Hizo zinasafiri na wimbo popote uendapo, ndiyo maana kwenye kompyuta mpya majina yote unayaona sawasawa. (Ukikuta wimbo wa zamani sana jina lake limekatwa katikati, usiilaumu kompyuta. Tagi za kwanza za MP3, ID3v1, ziliacha nafasi ya herufi 30 tu za jina.) Lakini nyota, idadi ya mara ulizousikiliza wimbo, tarehe uliyouingiza na orodha ulizotunga, iTunes haiviweki kwenye wimbo. Inaviweka kwenye daftari, faili linaloitwa iTunes Library.itl, ndani ya folda ya iTunes iliyo kwenye folda yako ya Music.

Na daftari hilo halina wimbo hata mmoja. Lina anwani. Limeandika kwamba wimbo fulani unakaa C:\Users\jinalako\Music\ na kuendelea. Kama kule uliingia kwa jina moja na huku umejipa jina jingine, au nyimbo zilikuwa diski D na huku umeziweka C, anwani zimeharibika. Ile alama ya mshangao haisemi wimbo umekufa. Inasema nimekwenda kwenye nyumba niliyoelekezwa, sikumkuta mtu.

Hizo mia tatu zilizopotea nazo, nakuhakikishia hazikuwahi kuwa kwenye folda uliyokopi. iTunes isipoambiwa ikusanye nyimbo, inazicheza pale pale zilipo: Desktop, Downloads, folda ya kazini uliyoisahau, hata diski ya nje uliyowahi kuichomeka. Kwenye skrini zinaonekana zimekaa pamoja, kumbe kila moja ina makazi yake. Uwezekano mwingine ni kwamba baadhi zilikuwa na kile kialama cha wingu, maana yake ziko mtandaoni na hazijawahi kushuka kwenye diski. Hizo zishushe kwanza kabla ya kuhama.

Rudi kompyuta ya zamani basi. Fungua iTunes, nenda kwenye nyimbo zote, halafu kwenye menyu ya View washa "Show Status Bar". Chini kabisa utaona mstari mmoja: idadi ya nyimbo, muda wote zikichezwa mfululizo, na ukubwa. Upige picha kwa simu. Mstari huo ndio shahidi wako, na bila huo utakuwa unakisia tu kama umefika na mzigo wote.

Kisha File, Library, "Organize Library", weka tiki kwenye "Consolidate files", kubali. Hapa iTunes inazunguka makazi yote hayo, inachukua nakala ya kila wimbo na kuuleta kwenye folda yake moja. Zingatia: inachukua nakala, haihamishi. Wimbo uliokuwa Desktop utabaki Desktop na mwingine utazaliwa ndani, kwa hiyo diski iwe na nafasi. Ikikwama kwa sababu diski imejaa, futa vitu vingine, usifute nyimbo za Desktop ukidhani zimeshaingia. Za kufuta utafuta ukishamaliza safari nzima.

Hatua hii watu wanairuka kwa sababu haionyeshi kitu. Inakaa, mstari unatembea, inaisha kimya. Lakini ndiyo inayofanya kila kitu kingine kiwe rahisi. Daftari likikaa kwenye folda ya iTunes, na folda ya nyimbo ikawa ndani ya folda hiyo hiyo, unaweza kuibeba folda nzima na kuitua kokote, hata kwenye herufi nyingine ya diski, na iTunes itazikuta nyimbo zake. Ni kama mtu aliyehama na nyumba mgongoni. Ukibeba daftari peke yake, au nyimbo peke yake, umerudi kule kule.

Ikimaliza, funga iTunes. Usikopi daftari likiwa wazi.

Kuhusu kubebea, achana na flashi ya GB 64 mkuu. Mzigo wa GB 70 hauingii, na ule ugawaji wa safari mbili ndio mahali watu wanapoacha vitu. Tafuta diski ya nje. Kwa flashi ya zamani inayoandika MB 10 kwa sekunde, GB 70 ni karibu saa mbili. Kwa diski ya nje ya kawaida kwenye tundu la USB 3.0, inayokwenda kama MB 100 kwa sekunde, ni dakika kumi na mbili hivi kwa hesabu ya karatasi. Ongeza kidogo, kwa sababu mafaili madogo madogo elfu nane hayaendi kasi kama faili moja kubwa.

Mimi siburuti tena kwa kipanya. Natumia robocopy, amri ya kukopi mafaili ambayo tayari imo ndani ya Windows. Fungua Command Prompt (lile dirisha la kuandikia amri) uandike hivi, ukibadilisha jina na herufi ya diski yako:

robocopy "C:\Users\jina\Music\iTunes" "E:\iTunes" /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

/E ni ibebe folda zote za ndani. Zile R na W (mara za kujaribu tena, na sekunde za kusubiri) ni muhimu kuliko zinavyoonekana. Usipoziandika, robocopy ikikutana na faili bovu itajaribu tena mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30, na utaiacha usiku ukidhani inafanya kazi kumbe imesimama mlangoni inagonga. Na usije ukanakili amri ya mtu mwingine yenye /MIR bila kuielewa: hiyo inafuta kule uendako kila kisichokuwepo utokako.

Ikiisha, fungua ripoti.txt, shuka chini kabisa. Kuna jedwali dogo, na safu ya kutazama ni FAILED. Iwe sifuri. Halafu rudia amri ile ile kama ilivyo. Safari hii kwenye Copied, mstari wa mafaili, nako kuwe sifuri, maana yake haikukuta chochote cha kuongeza. Wale wanaopenda kulinganisha folda kwa kubofya Properties, mtazame "Size", si "Size on disk". Hiyo ya pili hubadilika kulingana na diski ilivyofomatiwa, na nimeona mtu akikopi upya mara mbili kwa ajili ya tofauti isiyo na maana yoyote.

Nasisitiza ukaguzi kwa sababu ya wimbo mmoja. Mara yangu ya kwanza kuhama nilichomoa flashi taa yake bado inapepesa, nikaona dirisha limefungwa, nikajua basi. Miezi mingi baadaye niko naosha vyombo, wimbo ninaoupenda unacheza, umefika kwenye gitaa la katikati, kimya. Dakika mbili na sekunde kumi, ukaruka wimbo unaofuata kama vile hakuna kilichotokea. MP3 kwa asili yake haina muhuri wa jumla unaosema wimbo huu ulipaswa kuishia wapi, kwa hiyo kichezeshi kinacheza kilichopo na kuendelea na safari. Wenye FLAC (aina nyingine ya faili la muziki) mna nafuu: ndani ya faili kumehifadhiwa alama ya MD5 (namba ya kukagulia) ya sauti nzima, na amri ya flac -t itakwambia kama faili ni zima.

Kompyuta mpya sasa. Ile folda ya iTunes uliyoianzisha huko usiifute, ibadilishe jina tu, iite "iTunes jaribio". Tua folda uliyokuja nayo kwenye Music. Kisha shikilia kitufe cha Shift, ukiwa umekishikilia fungua iTunes. Badala ya kufunguka moja kwa moja itakuuliza, nawe uchague "Choose Library" na kuionyesha lile faili la iTunes Library.itl. Usiachie Shift mapema, wengi wanakosea hapo halafu wanasema haifanyi kazi. Ikifunguka, washa ule mstari wa chini, toa simu, linganisha na picha.

Kama una iPod au iPhone uliyokuwa ukiijaza kwa waya kutoka kompyuta ya zamani, isikaribie kompyuta mpya mpaka namba zilingane. Ukiichomeka kwenye maktaba isiyoijua, itakuambia kifaa hiki kimeunganishwa na maktaba nyingine, je, ifute na kusawazisha upya? Kitufe cha kukubali kiko pale kinang'aa. Ukikibofya na maktaba mpya ikiwa nusu, umepoteza na ile nakala ya mfukoni iliyokuwa imebaki.

Nyimbo ulizonunua kwenye iTunes zamani, angalia mwisho wa jina la faili. Zenye .m4p zina kufuli, na kompyuta mpya itabidi uiidhinishe kwa akaunti yako. Kikomo ni kompyuta tano, kwa hiyo ile ya zamani iondolee idhini kabla hujaiaga. Nyimbo nyingi zilizouzwa kuanzia 2009 hazina kufuli hilo, ni .m4a za kawaida. Nyimbo ulizopakua kutoka huduma za kulipia kwa mwezi hazikopiki, hata usihangaike nazo. Ingia akaunti, zishushe upya.

Kwa wasiotumia iTunes, kanuni ni ile ile, tafuta daftari. MusicBee wanaliita MusicBeeLibrary.mbl. Rhythmbox kwenye Linux ni rhythmdb.xml, na orodha ziko playlists.xml jirani yake, ndani ya .local/share/rhythmbox. foobar2000 inaweka mambo yake kwenye AppData, folda ambayo Windows inaificha, kwa hiyo ukikopi vinavyoonekana tu umeiacha. Kwenye programu nyingi za aina hii njia fupi ni kuweka nyimbo anwani ile ile pande zote mbili. Kama zilikuwa D:\Muziki, na huku ziwe D:\Muziki, hata ikibidi uingie Disk Management ubadilishe herufi ya diski. Daftari halitajua kama limehama.

Na mwenye orodha za .m3u asiogope, hizo ni maandishi matupu. Zifungue kwa Notepad utaona kila wimbo una mstari wa anwani yake. Badilisha mwanzo wa anwani kwa "Replace" mara moja, hifadhi kama UTF-8 ili majina yenye herufi kama é yasigeuke vinyesi vya kuku, umemaliza. Laiti "Usiku wa mvua" ningeitoa hivyo siku moja kabla, lingekuwa faili la KB chache tu.

Anza na Consolidate leo mkuu, halafu niandikie ule mstari wa chini unasoma nyimbo ngapi na GB ngapi. Ukizidi GB 70 usishtuke, ni zile mia tatu zimehesabiwa nazo.