Ukitaka Kupiga Muziki na Wafilipino, Anzia Kwenye Kundiman

Kijana mmoja wa Tanga aliyeingia Dubai juzijuzi ameniandikia: "Kaka, bendi za hotelini huku nyingi ni za Wafilipino. Nijifunze nyimbo gani wanichukue?" Namjibu hapa hapa, maana najua wengi wenu mna gitaa chini ya kitanda na hamu ileile ya jukwaa.

Mimi nilianza na kukataliwa. Kiongozi wa bendi ya kwanza niliyoiomba nafasi alinisikiliza nusu wimbo, akasema Mwafrika kazi yake ni ngoma. Neno lile linanichoma hadi leo. Usiku huo nilimwendea mpishi tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja, mtu mzima wa Cebu huko Ufilipino, mwenye gitaa lililochongwa Mactan, kisiwa cha mafundi wa magitaa. Nilikuwa nikimwita Kuya, kwa heshima ya kaka mkubwa. Sikumwomba nyimbo za redioni. Nilimwomba zile alizoimbiwa mama yake alipochumbiwa.

Akanifundisha kundiman. Ni wimbo wa mapenzi wa mapigo matatu, mwendo wa pole. Huanza kwenye maina, ile sauti ya huzuni, mtu analalama, kisha nusu ya pili hufunguka kuwa meja, sauti ya kuchangamka. Watunzi kama Nicanor Abelardo na Francisco Santiago ndio walioupandisha hadi kumbi kubwa za Manila miaka ya 1920. Sisi tuliokulia kwenye taarab, kulalamikia mapenzi hakutushindi, lakini Kuya alikuwa akinishika mkono kila nilipotaka kukimbilia meja. "Bado hujalia," ananiambia. Tulirudia wimbo mmoja mpaka majirani wakagonga ukuta.

Yeye ndiye aliyenikataza kuipiga "Bayan Ko" ovyo ovyo. Ni kundiman ya nchi yao, iliyozaliwa wakati Marekani inawatawala. Rais wao Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi, kuiimba hadharani kulikuwa hatari; mwaka 1986 umati uliojaa barabara ya EDSA jijini Manila kumwondoa uliiimba waziwazi. Wimbo wa namna hiyo haupigwi kujaza muda watu wakisubiri chakula. Mdogo wangu, lishike hili: jua wimbo umetoka wapi kabla hujaugusa.

Wala usidhani Ufilipino ni Manila peke yake. Kule Mindanao, kisiwa cha kusini, Waislamu wa Maguindanao wana kulintang: patu nane za shaba zenye vinundu, zimepangwa safu moja, ndogo kwa kubwa, nyuma yake agung, patu kubwa za kuning'inizwa, zinanguruma na ngoma ya dabakan inaita. Babendil ni upatu mdogo tu, lakini huo ndio unaoshika mwendo wa wote. Hawasomi noti, mtoto hukaa karibu na wakubwa akasikiliza hadi mkono ujue. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikumbuka upatu wa ngoma zetu za pwani, nikasikia ukaribu ambao sijaupata kwa muziki wa Mzungu yeyote.

Hizi za kisasa zitakuja zenyewe. Sikiliza bendi ya Hotdog na ile Manila Sound, pop yao ya miaka ya 1970, sikiliza "Anak" ya Freddie Aguilar ya 1978, halafu bendi ya Eraserheads, halafu makundi ya siku hizi, Ben&Ben na SB19. Tangu 1987 kuna amri inayozitaka redio zao za muziki zipige angalau nyimbo nne za Kifilipino kila saa, ndiyo maana Mfilipino wa rika lolote atakuimbia kiitikio bila karatasi. Nasi tungeiga.

Mwaka huu, Juni 12, siku yao ya uhuru, niliitwa mimi kuimba kundiman mbele ya ukumbi mzima wa Wafilipino. Akina mama waliimba nami, mmoja akanishika mikono akilia. Naona fahari na sitaificha. Vijana mnataka jukwaa kabla ya sikio! Kaeni chini ya wazee. Sikilizeni. Rudieni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, bendi iache kwanza. Mtafute Mfilipino mtu mzima hapo unapokaa, awe mpishi, dereva au mlinzi, umwombe kundiman moja na maana ya kila mstari wa Kitagalog. Ukishaiweza yote, maina hadi meja, bila kukimbia, nirekodie unitumie.