Look, Put, Take: Namna ya Kuvishika Vitenzi vya Kiingereza Pamoja na Vijineno Vyake

Nairobi hii ina vijana wengi wanaojikimu kwa kazi ya transkripsheni. Mteja yuko Marekani au Uingereza, anatuma mkutano uliorekodiwa, nawe unaketi chumbani kwako Roysambu au Rongai na hedifoni masikioni, unasikiliza na kuandika kila neno. Hiyo ndiyo kazi yangu, na huwa nawaelekeza wanaoanza. Wengi huja wakihofia maneno mazito ya sheria na udaktari. Hayo si tatizo kubwa, kwa sababu hutamkwa kwa utulivu na kamusi inayo. Yanayowakwamisha ni maneno waliyofundishwa darasa la kwanza, get, put, take, look, run, pindi yanapokamatana na up, out, off na in.

Jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba wasitenganishe. "Look after" ni kitenzi kimoja, kutunza. "Look for" ni kingine, kutafuta. "Look into" ni kuchunguza, na "look forward to" ni kutazamia kwa hamu. Aliyekariri kwamba look ni kuangalia, kisha akajaribu kuijumlisha na maana ya after, hatafika kwenye kutunza hata akikesha.

Tunaozungumza Kiswahili tuna faida hapa, na nasikitika kwamba hatuitumii. Lugha yetu inafanya kazi hiyohiyo, ila inaifanyia ndani ya kitenzi, mwishoni. Fuata huzaa fuatilia. Kimbia huzaa kimbilia. Hama ni kutoka mahali, hamia ni kwenda mahali. Mkia wa kitenzi chetu umeota mwilini. Wa Kiingereza umefungwa kwa kamba, na mara nyingine unasogezwa mbali na mwili. "Follow" na "follow up" zinaendana na fuata na fuatilia karibu sawasawa. Hata ile up ya kumaliza kitu kisibaki, kama katika "use up" na "eat up", ina ndugu yake kwetu: tunasema tupilia mbali, potelea mbali, na hiyo mbali haihusu umbali wowote. Kwa hiyo unapokutana na up au off isiyoeleweka, jiulize kwanza Kiswahili kingefanya nini kwenye kitenzi hicho. Mara nyingi jibu tayari unalo.

Kufanana huko kuna mtego, lakini. Kwa kuwa kitenzi chetu kimeshambeba anayetendewa, tukiingia kwenye Kiingereza tunasahau kwamba kule lazima kihusishi kitajwe. Nakungoja inageuka "I am waiting you". Nieleze inageuka "explain me". Niongezee chai inageuka "add me tea", sentensi ambayo hutakosa kuisikia kwenye hoteli za River Road. Kisha tunapachika vihusishi mahali ambapo havihitajiki: "discuss about", "emphasize on", "cope up with". Hii ya mwisho nadhani imeazima up yake kutoka "keep up with" na "catch up with", maana zinafanana kwa sauti na kwa maana.

Sisemi haya kwa kukidharau Kiingereza cha Kenya. Ukiniambia "I called but you didn't pick", nimekuelewa, na Nairobi nzima imekuelewa. Ila mteja aliyeko Manchester amezoea "pick up", na asipoiona hiyo up anabaki akingojea sentensi iishe. Mjue unayemwandikia.

Sasa tuje kwenye sikio, maana hapa ndipo watu wengi wanapoachwa bila msaada. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo masikio yetu yamezoea neno kutulia mwishoni. Kiingereza kikitamka "turn it off", mkazo unaangukia off. Kwenye "look at it", mkazo uko kwenye look, na at inamezwa. Tofauti hiyo inakufundisha sarufi bila kitabu: kijineno chenye mkazo, kama off na up, kinaweza kusogea hadi baada ya shamirisho, yaani kile kinachotendwa, na shamirisho likiwa kiwakilishi kama it au them, ni lazima lipite katikati. "Turn it off", kamwe si "turn off it". Lakini "look at it" na "look for them" hazigawanyiki, kwa sababu at na for ni vihusishi tu.

Wamarekani wanaongeza ugumu mwingine. Herufi t ikiwa katikati ya irabu mbili wanaitamka karibu na r yetu, na maneno yanaungana. "Pick it up" inafika sikioni kama pikirap. "Sort it out" inakuwa sorirau. "Put it off" ni purirof. Mtu anarudisha rekodi nyuma tena na tena akitafuta neno moja refu la ajabu, kumbe ni matatu mafupi. Mimi humwambia aliyekwama aitamke sauti hiyo kwa mdomo wake, kwa haraka, kama alivyoisikia. Mdomo hutambua mapema kuliko jicho.

Angalia pia kwamba kitenzi kilekile hubadilika kulingana na kinachofuata. "They pushed back the meeting" ni mkutano kuahirishwa. "They pushed back on the budget" ni watu kuipinga bajeti. Fomu, Waingereza husema "fill in", Wamarekani aghalabu "fill out".

Kwa wanafunzi wa kidato cha nne: kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE huulizwa mara nyingi mbadilishe neno lililopigiwa mstari kwa kitenzi cha aina hii, "postpone" iwe "put off", "tolerate" iwe "put up with". Jozi hizo zina historia. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa na Kilatini yalijaa mahakamani, kanisani na kwenye maandishi, na yale mafupi ya wenyeji yakabaki kwenye mazungumzo. Ndiyo maana barua ya ofisi inapenda "postpone" na simu inapenda "put off". Karirini jozi kwa ajili ya mtihani, sawa, lakini msiishie hapo, kwa sababu hakuna anayezungumza kwa jozi.

Badala ya orodha, nunua daftari dogo uandike sentensi nzima uliyoisikia, pamoja na aliyetenda na aliyetendewa. "Up" peke yake haina maana ya kukaa kichwani. "We ran out of time" inayo, kwa sababu unamwona mtu na saa yake. Isome kwa sauti siku iyo hiyo, ubadilishe kiwakilishi, ubadilishe wakati.

Na kama unapenda mpira, usikalie tu kushangilia Jumamosi. Watangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wanatumia vitenzi hivi dakika zote tisini, na kila kimoja kina picha yake kwenye skrini. Mchezaji akiangushwa ndani ya boksi, "he's been brought down". Akipewa kadi nyekundu, "he's been sent off". Anayetolewa "is taken off", anayeingia "comes on". Bao likikataliwa na VAR "is ruled out", na mchezaji aliyeumia naye "is ruled out" kwa mechi ijayo. Andika zote mbili kwenye ukurasa mmoja.