Dawa za mama, nani anazisimamia?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama yangu ana miaka 68, naishi naye Columbus, Ohio. Ana kisukari na presha, na figo zimeanza kulegea. Anaonwa na daktari wa kliniki, wa figo na wa macho. Alipotoka hospitali mwezi uliopita alipewa dawa mpya. Wiki iliyofuata sukari ikashuka usiku hadi 52 mg/dL. Kliniki inajiita "makao ya tiba", eti wao ndio wanaoratibu kila kitu. Mbona sioni? – Binti yake

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwaga dawa zote mezani, za kliniki na za hospitali, usome majina. Ukikuta glipizide na glimepiride pamoja, piga simu kliniki leo leo, usingoje miadi. Ni dawa za ukoo mmoja, zote zinaisukuma kongosho itoe insulini, inayoshusha sukari. Kliniki iliandika hii, hospitali ikaandika ile, na mama mtiifu anameza zote. Figo zikilegea, hatari ya sukari kushuka inazidi. Ikiwa chini ya 70, mpe nusu kikombe cha juisi yenye sukari, upime tena baada ya dakika 15. Akizimia usimnyweshe kitu, piga 911.

Sasa hayo makao. Wazo lilianza 1967 kwa madaktari wa watoto wa Marekani. Mwaka 2007 vyama vinne vya madaktari vikakubaliana misingi yake kwa wagonjwa wa rika zote. Kliniki moja inabeba dhima ya mgonjwa mzima, hata akitibiwa kwingine. Lakini cheti cha ukutani hakipigi simu. Anayepiga ni mtu, mara nyingi nesi mratibu, na ndiyo kazi yangu hapa Minnesota. Asubuhi nafungua orodha: nani HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu) imepita asilimia 9, nani hajapimwa macho mwaka huu, nani katoka hospitali jana. Huyo wa jana ndiye ninayeanza naye.

Kwa hiyo uliza mratibu wa mama ni nani, na simu yake ya moja kwa moja. Wakibabaika, jibu umelipata. Akipatikana, mdai orodha moja ya dawa, nakala iende kwa daktari wa figo. Usidhani madaktari hao wanasomana. Kompyuta za hospitali mbili zinaweza zisisalimiane kabisa. Mkojo upimwe protini na miguu ikaguliwe kila mwaka, HbA1c kila miezi mitatu mpaka itulie.

Na kama wewe ndiye unayemtafsiria mama kwa daktari, achana na ukalimani huo. Mbele yako mama hatasema kwamba anakata vidonge nusu ili kuokoa hela. Kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964, hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpa mkalimani bure. Dai wa Kiswahili. Kama mama hufunga Ramadhani, mratibu alijue hilo miezi miwili kabla, dozi zipangwe upya, si usiku wa kuamkia mfungo.