Filamu za kamera, Lubumbashi

Yaya, umeuliza kama filamu ya milimita 35 bado inapatikana hapa Lubumbashi. Dukani mjini, usihesabu sana. Mimi niliuziwa moja sokoni, boksi lake limepauka kwa jua, tarehe yake imepita mwaka 2009. Picha 36 zote zilitoka kijivu kama chai iliyozidishwa maziwa. Na nililipa kwa dola!

Agiza kwa mtu anayetoka Afrika Kusini au Ulaya. Mwambie aziweke kwenye mkoba wa mkononi, maana mashine za kukagua mizigo mikubwa huunguza filamu ambayo haijasafishwa.

Chukua nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 kwa mfano. Filamu ya rangi inataka dawa yenye joto la nyuzi 38, ukikosea kidogo rangi zinaharibika. HP5 unaisafisha nyumbani kwa nyuzi 20: tumia dawa ya kusafishia iitwayo D-76, isiyoongezwa maji baada ya kuyeyushwa, dakika 7 na nusu. D-76 inauzwa ikiwa unga, haimwagiki safarini. Mwezi wa sita maji ya bomba yanakuwa baridi, yapashe kidogo. Usisahau dawa ya kukazia, bila hiyo picha inaharibika ikipata mwanga.