Maswali yenu: majivu ya mtambo wa umeme kwenye biogesi ya mabua

Swali: Karibu na kwetu Njombe kuna mtambo wa umeme unaochoma kuni, na majivu tunapewa bure. Mtambo wangu wa biogesi ni wa kuba, mita za ujazo 6. Nikitia majivu pamoja na mabua ya mahindi, gesi itaongezeka?

Jibu: Inaweza kuongezeka, ila usiyamwage majivu moja kwa moja mtamboni. Kazi yake ni kulainisha mabua kabla hayajaingia, kama magadi yanavyolainisha maharage makavu. Kalsiamu na potasiamu ya majivu hulegeza ligini inayolikaza bua, bakteria wakapata pa kuanzia.

Chekecha majivu makavu ambayo hayajanyeshewa. Mvua huondoa potasiamu. Katakata mabua yasizidi sentimita 2. Kwa kilo 5 za mabua makavu, weka nusu kilo ya majivu na lita 15 za maji, funika pipani siku 4 na ugeuze kila siku. Vaa glavu, maji hayo huchubua ngozi. Karatasi ya pH, ile inayopima ukali wa magadi au asidi majini, mwanzoni husoma 11 au 12. Ikifika 9 au chini, changanya na kilo 30 za samadi mbichi na lita 50 za maji. Huo ni mlo wa siku moja, lakini usiuanze wote: wiki ya kwanza tumia kilo 1 ya mabua kwa siku, kisha ongeza kilo moja kila wiki. Mabua mengi kwa ghafla huelea na kuziba kuba.

Samadi usiipunguze. Mabua yana takribani sehemu 60 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, na bakteria wanataka 20 hadi 30. Wengine hufidia kwa mkojo wa ng'ombe. Mkojo usiutie kwenye pipa la majivu, kwa sababu naitrojeni itapaa kama amonia na utaisikia puani.

Presha ikishuka kidogo mwanzoni huku mwali ukiwa wa buluu zaidi, usiogope. Majivu yanameza kabonidioksidi, ambayo haiwaki hata hivyo. Tope linalotoka mtamboni likizidi pH 8 na kunuka amonia, umezidisha: simamisha majivu, lisha samadi na maji tu kwa wiki moja au mbili. Na majivu yasiyochekechwa hutuama chini kama mchanga. Kuyatoa ni kumwaga mtambo mzima.

Kuni za nguzo zilizotiwa dawa au mbao za rangi? Majivu yake yakatae.

Swali: Je, majivu ya makaa ya mawe? Nimesikia yana madini yanayofaa bakteria. (Songwe)

Jibu: Ni kweli, yana chuma, nikeli na kobalti, ambavyo bakteria wa methani huhitaji kwa kiasi kidogo mno. Lakini yanaweza pia kubeba aseniki, risasi, kadimiamu na zebaki, na hivyo haviozi. Vitatoka na tope mpaka kwenye mchicha wako. Tena si makaa yote hutoa majivu yenye kulainisha. Bila kipimo cha maabara, hapana. Wafyatua matofali na viwanda vya saruji wanayahitaji zaidi.

Swali: Na majivu ya pumba za mpunga?

Jibu: Karibu yote ni silika. Hayalainishi kitu, yatakujazia mchanga tu.