Sanduku la Mwalimu: Ruzuku kwanza, tuzo baadaye

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamivu, na tasnifu yangu ni historia ya shirika la masista waliofungua shule za wasichana miaka ya 1930. Nyaraka zao nyingi ziko nje ya nchi. Nimeomba fedha kwa wafadhili wakubwa, wamenikatalia bila maelezo. Wenzangu wanasema niwanie tuzo kwanza nipate jina, fedha zitakuja zenyewe. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wameanzia mwisho. Tuzo hutolewa kwa kazi iliyokamilika, ruzuku kwa kazi ambayo bado haijafanyika. Wewe hujafungua hata jalada moja la barua za masista hao, sasa utawapelekea nini waamuzi?

Hao wafadhili wakubwa waache kwa sasa. Wanaletewa maombi ya kila taaluma, na anayesoma lako pengine hajui nadhiri za kwanza zinatofautiana vipi na nadhiri za daima. Tafuta ruzuku ndogo za safari za utafiti zinazotolewa na maktaba na vituo vinavyotunza nyaraka. Wao wana haja na wewe. Nyaraka zisizosomwa na mtu ni gharama tupu, na kila kitabu kinachotaja mkusanyo wao kwenye tanbihi huwapa hoja ya kudai bajeti mwaka unaofuata.

Kwa utafiti wako ningeanza na Kituo cha Cushwa, kituo cha utafiti wa Ukatoliki cha Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, Marekani. Wana ruzuku ya kwenda kusoma mikusanyo ya chuo chenyewe, lakini wewe itazame ile yenye jina la Mama Theodore Guerin, mtawa Mfaransa aliyefika Indiana mwaka 1840 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2006. Inalenga tafiti zinazowarudisha wanawake Wakatoliki katika historia, na haikulazimishi kwenda Notre Dame. Unaweza kuitumia kwenye hifadhi nyingine, hata nje ya Marekani, au kusafiri kuwahoji masista. Hapo pa mahojiano ndipo ningekazia. Barua zitakungoja, sista mwenye miaka tisini hatakungoja. (Kwa wanaotafiti Wabaptisti, Southern Baptist Historical Library and Archives ya Nashville ina ruzuku za Lynn E. May. Kila dhehebu lina la kwake, ulizeni.)

Sasa ombi lenyewe. Usiandike "nitapitia nyaraka za shirika." Kila mwombaji huandika hivyo. Mwandikie kwanza mtunza nyaraka, mwombe orodha ya mkusanyo, kisha kwenye ombi taja namba za masanduku, miaka yanayohusu, na siku utakazohitaji kwa kila kundi. Muulize pia yapi yamefungwa, kwa sababu mashirika mengi huyafunga majalada binafsi ya wanashirika kwa miongo kadhaa. Nimeketi kwenye majopo ya kusoma maombi haya, na nimeona ombi lililoandikwa vizuri kabisa likiwekwa kando kwa kuwa majalada yaliyotajwa yangefunguliwa mwombaji akiwa amekwisha hitimu zamani. Jopo haliangushi ombi kama hilo kwa roho mbaya. Linajua tu kwamba mtu atafika, atakaa kantini, na kurudi nyumbani.

Kuhusu bajeti, msijipunguzie ili muonekane wanyenyekevu. Ukituambia utakaa wiki tatu kwa fedha za wiki moja, tunajiuliza utakula nini, na tunaanza kuutilia shaka mpango mzima.

Ukishamaliza sura moja inayosimama yenyewe, hapo zungumza nami habari za tuzo. Jarida la Journal of Ecclesiastical History lina mbili za insha, kila moja pauni 500. Ile ya Eusebius ni ya karne saba za mwanzo, si yako. Yako ni ya World Christianities, kwa historia ya Ukristo nje ya Ulaya na Amerika Kaskazini tangu mwaka 700, endapo shule za masista wako zilikuwa huko. Mwisho ni maneno 8,000 pamoja na tanbihi, na tanbihi ndizo zinazowaponza wengi. Nayo American Society of Church History, iliyoanzishwa na Philip Schaff mwaka 1888, ina tuzo ya Sidney E. Mead kwa insha ambayo haijachapishwa, iliyotokana na utafiti wa udaktari. Chama hichohicho kina tuzo ya Jane Dempsey Douglass kwa insha kuhusu wanawake katika historia ya Ukristo, ila hiyo inataka iliyokwisha kuchapishwa. Unaona mtego ulipo? Ukikimbilia kuchapisha popote, umejifungia mlango wa Mead. Panga insha ipi itangulie wapi kabla hujaituma.

Na someni masharti ya ukaazi. Tuzo ya John Gilmary Shea ya American Catholic Historical Association, kwa mfano, ni ya raia au wakazi wa Marekani na Kanada. Usipoteze nauli ya posta.

SWALI: Mwalimu, mbona wanahistoria wa Kanisa hatusikii wakipata fedha nyingi?

JIBU: Wanazipata, ila si kwenye tuzo za Kanisa. Mwaka 2004 Jaroslav Pelikan aligawana na mwanafalsafa Paul Ricoeur Tuzo ya Kluge ya Maktaba ya Bunge la Marekani, dola milioni 1. Mwaka 2008 Peter Brown naye akaipata pamoja na Romila Thapar, mwanahistoria wa India ya kale. Diarmaid MacCulloch alichukua Cundill, tuzo ya vitabu vya historia, mwaka 2010, dola 75,000, kwa kitabu cha historia ya Ukristo. Zote hizo ziko wazi kwa wasomi wa mambo mengine kabisa. Walioshinda waliandika kwa namna ambayo mtu asiyejua mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) ni nini aliweza kuwafuata, na hilo ni gumu kuliko kuwaandikia wenzetu.

SWALI: Dayosisi yetu imekubali kulipia utafiti wangu juu ya historia yake. Nipokee?

JIBU: Pokea, lakini kwa maandishi. Utaona nyaraka zote au zile utakazochaguliwa? Nani ana kauli ya mwisho juu ya muswada? Wakitaka kuusoma ili wasahihishe tarehe na majina, wape kwa furaha. Wazee wa dayosisi hujua mambo ambayo hayamo kwenye jalada lolote. Wakitaka kuuidhinisha, hapo umeajiriwa kuandika kitabu cha jubilei. Ni kazi halali, dai malipo yake kamili, ila usiipeleke chuoni kama tasnifu. Na kwa vyovyote, kwenye ukurasa wa shukrani taja waziwazi nani alilipa.