Rimoti haifungi milango ila gari inawaka, nibadilishe sentroloki yote?

SWALI: Habari fundi. Nina kigari nilichonunua used kutoka Japan, kilikuja na ufunguo mmoja wenye rimoti. Wiki iliyopita mwanangu alishinda nao ndani anauchezea, tangu siku hiyo nikibonyeza milango haifungi wala haifunguki, ila nikichomeka gari inawaka vizuri tu. Fundi wa mtaani anasema sentroloki, yaani ule mfumo wa kuloki milango yote kwa pamoja, imekufa nibadilishe yote. Nimpe hela?
Mama wa Morogoro

JIBU: Dada usitoe hela kwanza. Kaa siti ya dereva ubonyeze ile swichi ya kuloki iliyopo mlangoni, milango yote ikijifunga kwa pamoja basi mota zake ni nzima, shida ipo kwenye mawasiliano ya rimoti na gari.

Iko hivi, ukibonyeza rimoti inarusha mawimbi ya redio yenye namba ya siri, na hiyo namba inabadilika kila ukibonyeza ili mwizi akiinasa leo asiitumie kesho. Gari nayo inahesabu upande wake, ukibonyeza mara chache ukiwa mbali inavumilia, sasa mtoto akishinda anabonyeza sebuleni rimoti inaiacha gari nyuma mno, gari inaikataa. Au kamaliza betri tu, na hapo ndo pa kuanzia: fungua ganda, soma namba juu ya betri, nyingi ni CR2032 au CR2016 za volti 3, nunua namba ileile, simama karibu na gari ubonyeze mara mbili tatu. Ikigoma ndo umtafute fundi wa funguo aitambulishe upya kwenye gari.

Injini kuwaka isikuchanganye, ule mfumo mwingine kabisa. Magari mengi yana kachipu kadogo ndani ya ganda la ufunguo, gari inakatambua ndo inakubali kuwaka, hakatumii betri, kanapata umeme kwenye koili iliyozunguka tundu la ufunguo. Hapo nakuomba sana uwe makini, watu wanabadilisha ganda lililochakaa, kachipu kanabaki kwenye ganda la zamani linatupwa, gari inagoma kuwaka na inaishia kuvutwa na brekidauni.

Na rimoti ya pili nunua, ila usiangalie sura tu. Za magari ya Japan nyingi zinatumia mawimbi ya redio ya karibu megahezi 315, za Ulaya 433.92, zinaweza kufanana kama mapacha na gari yako isiisikie kabisa. Nenda na ya zamani mkononi mlinganishe namba zilizoandikwa.